Gololi ya Gia ya Tatu

Gia ya tatu ilikuwa ikijitoa yenyewe
kila tukipita Pongwe na machungwa ya Muheza.
Unaitia, inakubali, inakaa kidogo kama mgeni asiyevua viatu,
kisha kwaa! iko huru,
injini inapiga kelele peke yake.
Miezi minane mkono wangu wa kulia ulishika usukani,
wa kushoto ukawa mfungwa.

Fundi wa Barabara ya Kumi na Nne alisikiliza bila kuinama,
akataja laki saba.
Nilimshukuru.

Jumamosi, baada ya alfajiri, nikaingia chini ya gari.
Jeki ya kushushia giaboksi sina;
ninayo kamba ya mkonge na boriti ya banda la kuku.
Ikashuka taratibu kama ndoo kisimani.
Kuku wakahama bila kuambiwa.

Semeni akatandika kanga yake kuukuu,
ile isemayo UMEYATAKA MWENYEWE,
na kila nilichokitoa akakichora kwa mkaa ukutani:
shafti ndefu, shafti fupi, uma, pete ya shaba, springi.
Hajui gia. Anajua kuchambua mchele.

Pula ya kung'olea beringi niliitengeneza
kwa bawaba mbili za mlango wa choo na boliti ya kitanda.
(Tangu siku hiyo choo chetu kina pazia.)
Nyundo ilikuwa mchi.
Beringi mpya tukaikaanga kwenye karai la sambusa,
na shafti ikalala usiku kucha kwenye friji ya mama Nyange
katikati ya barafu za ubuyu.
Asubuhi moto na baridi vikakutana:
beringi ikateleza hadi mwisho, bila pigo hata moja.
Nilikaa nikaitazama.
Nilitamani mtu apite njiani aniulize nafanya nini.

Gasketi nikaikata kwenye jalada la kalenda.

Kisha nikafika kwenye gololi.
Ndogo, haizidi mbaazi, ila ndiyo, ikisukumwa na springi yake,
inayoiambia gia: kaa.
Springi ilikuwepo.
Mahali pa gololi palikuwa na duara la mafuta
juu ya herufi M.

Tukachekecha mchanga wa ua mzima.
Semeni akamtazama jogoo kwa jicho la kisu.
Kihiyo, mwanangu, alikuwa kimya mno.
"Nilicheza nayo," akasema. "Nikaliwa."
"Na nani?"
"Mwajabu."

Mwajabu ana miaka minane,
na kidole gumba chake kinaogopwa Ngamiani nzima.
"Nimeila kihalali," alisema. "Cheza."
Nikachuchumaa, magoti yakilia kuliko gia,
grisi mpaka viwikoni, watoto kumi na mmoja wamenizunguka.
Akanila.
Nikaomba tena. Akanila tena.
Mtu mmoja akapita njiani, akaniuliza nafanya nini.

Nilirudi nyumbani, nikalipasua lile beringi bovu
lililokuwa likivuma tangu mfungo uliopita.
Gololi tisa. Zimechakaa,
lakini chakavu ya fundi ni mpya kwa mchezaji.
Mwajabu akazihesabu, akaiuma moja,
akanipa yangu ikiwa na joto la kiganja.
"Na nikae mbele," akasema.

Saa kumi jioni tulikuwa njia ya Pongwe,
yeye mbele, Kihiyo nyuma na matenga matupu.
Moja. Mbili.
Nikaitia ya tatu, nikaachia.

Kilima kikaja, kikaisha.
Haikutoka. Ilikuwa imevua viatu.

"Mbona unatetemeka?" Mwajabu akauliza.
"Injini," nikasema,
na mkono wangu wa kushoto
ukawa unapapasa hewani, pajani, mfukoni,
haujui uende wapi.